Ndiyo ya Zamani

Dada yangu aliacha kusema siku ya Jumanne, mwezi wa tatu, akiwa katikati ya kunigombeza. Nilikuwa nimeliacha bomba la jikoni likidondosha maji usiku kucha. Akaja mlangoni, akanyoosha kidole, akasema, "Wewe," na baada ya hapo halikuja neno jingine. Nikangoja tusi. Mdomo ulibaki wazi, mkono ukashuka wenyewe, na yeye akaufuata mkono.

Daktari alisema ni kiharusi. Nikamuuliza kama duka la chini pale hospitali linauza sigara. Mimi sivuti. Akanijibu kwamba haliuzi, nami nikamshukuru, tukaachana.

Tangu siku ile nimekuwa hivyo hivyo. Nakula, nalala, nanyoa ndevu. Watu hunipa pole, naipokea kama mtu anayepokea barua ya jirani.

Mtaani wananiita Chumvi, kwa sababu habari haipiti mikononi mwangu ikatoka kama ilivyoingia. Nilikuwa fundi wa lifti miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu. Nimewahi kuwaambia watu kwamba nilifungua lifti iliyokwama kwa kijiko cha chai, na kwamba ndani yake alikuwamo bwana harusi aliyenisihi nisiharakishe. Kijiko ni kweli. Mambo ya kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwenye kitabu kisicho na jalada wala kurasa arobaini za mbele, na ndiyo maana hadi leo mambo ya mwanzo mwanzo yananipiga chenga.

Mwili wa dada ulimgomea wote isipokuwa macho na shavu la kulia. Macho nayo hayakuaminika. Yalipepesa yenyewe kama taa yenye waya mbovu, hivyo huwezi kumwambia "pepesa mara moja ukikubali". Lililobaki ni shavu. Nikachukua kitufe cha lifti, cha ghorofa ya nne, nilichokuwa nacho kabatini, nikakifunga kwenye kipande cha chuma pembeni mwa kiti chake cha magurudumu, kikae jirani na shavu. Kitufe kikaingia kwenye kisanduku nilichokiunda mwenyewe, kisanduku kikaingia kwa waya kwenye kompyuta ndogo iliyowekwa mbele yake.

Kwenye kioo kuna miraba kumi. Ndiyo, Hapana, Maji, Choo, Naumwa, Nigeuze, Zima redio, Fungua dirisha, Niache. Wa kumi ni Anadanganya. Huo aliudai mwenyewe, kwa ukurasa wa herufi niliomfungulia kwenye kioo hicho hicho, herufi moja moja, ikamchukua asubuhi nzima na jioni akawa hoi. Mwanga hupita kwenye miraba, sekunde mbili kila mmoja. Ukifika kwenye anaoutaka anabonyeza, na kompyuta inatamka kwa sauti ya mwanamke ambaye inaelekea hajawahi kukasirika maishani.

Sasa kati ya kisanduku na kompyuta lazima awepo mkalimani. Vitabuni anaitwa kiendeshi. Mafundi tunasema draiva. Ni programu ndogo inayojua lugha ya kifaa kimoja tu, na bila hiyo kompyuta inakiona kifaa kama unavyomwona mgeni anayekuhutubia kwa lugha usiyoijua. Kisanduku changu hakikuwa na draiva duniani. Nikaandika wangu.

Kompyuta ya betri hulala. Ikikaa dakika tano bila kazi, inajipunguza ili chaji isiishe. Lakini hailali ghafla kama mlevi. Kwanza inapita kwa kila draiva, mlango kwa mlango, kama matroni wa bweni: tunalala, una kazi mkononi? Draiva aliyelelewa vizuri hujibu, ngoja, namalizia. Alichonacho anakifikisha au anakitupa. Anaandika kifaa chake kilikuwa kimewekwaje. Ndipo anasema tayari. Na wakati wa kuamka anagongewa tena, aanze kukifundisha kifaa upya, maana kifaa kilichokatiwa umeme huamka hakijui hata kazi yake ni nini.

Draiva wangu alirithi tabia za aliyemwandika. Mwanzoni alikuwa mzito kujibu, kompyuta ikawa hailali, betri ikawa inakata roho kabla ya saa sita mchana. Nikampa njia ya mkato: akiulizwa tu, aseme tayari. Hata akiwa na mbonyezo wa dada yangu mfukoni ambao haujafika popote, aseme tayari. Kompyuta ikaanza kulala kama mtoto aliyeshiba. Nikajipongeza.

Kilichofuata ni hiki. Siku moja moja, kompyuta ikiamka, ule mbonyezo uliosahaulika mfukoni ulitoka. Na mwanga ukiamka huanzia mraba wa kwanza. Kwa hiyo dada angeweza kuwa aliomba choo, au alisema anaumwa, mashine ikalala juu ya neno lake, na ilipoamka ikatamka, "Ndiyo." Baada ya hapo mara nyingi kisanduku kilikuwa kiziwi, mpaka nichomoe waya na kuuchomeka tena.

Nililijua hilo tangu mwezi wa tano. Ni kazi ya siku moja kurekebisha. Badala yake nikalifanya mchezo. Asubuhi nilikuwa nabofya kompyuta iamke huku nikiuliza, "Dada, mimi ndiye mtanashati kuliko wote humu ndani?" Mara moja kwa wiki hivi ile sauti ilijibu, "Ndiyo." Dada ananitazama tu. Nilichukulia kwamba naye anacheka kwa ndani.

Jumamosi moja, mwezi wa nane, saa nane mchana, wakaja wanawe wawili. Mkubwa ni mpima ardhi, mtu wa utepe na daftari. Mdogo wake ni muuguzi, anaishi mji mwingine, saa sita kwa basi, kwenye nyumba ya chini isiyo na ngazi hata moja. Sisi tunakaa ghorofa ya pili, ngazi thelathini na sita. Lifti ya jengo letu ilikufa zamani, na naomba mtu asinicheke.

Walipomaliza kumsalimia mama yao, mpima ardhi akaenda chooni na utepe. Akarudi na daftari.

"Mlango una sentimita sitini na mbili," akasema. "Kiti kina sitini na sita. Mjomba, mama anapitaje?"

"Namkunja kidogo."

"Mjomba."

"Namtoa kwenye kiti. Nambeba."

"Kwa mgongo huo?" akauliza muuguzi. "Na wiki iliyopita mlianguka, mama wa chini kanipigia simu."

"Hatukuanguka. Tulikaa chini kabla ya wakati."

Hakucheka. Akaja akachuchumaa mbele ya mama yake, akaongea naye taratibu, bila kumdekeza kama mtoto. Akamwambia kwamba amemwandalia chumba, kina dirisha la barabarani. Kwamba kazini kwake wamemkubalia zamu za mchana. Kisha akatugeukia sisi.

"Tukubaliane kabla ya kuuliza. Mama ndiye mwenye kauli. Akisema ndiyo, Alhamisi tunaondoka. Akisema hapana, kaka atamleta fundi avunje ule mlango aupanue, na maneno haya yameisha. Hakuna kulumbana. Mjomba, umekubali?"

Nikakubali. Ningesemaje?

Nilitaka abaki. Tumekaa humo miaka kumi na tisa, tangu mumewe afariki na mke wangu aondoke na vyombo. Akienda, nyumba nzima inabaki na mimi na redio. Nililijua hilo kwa akili, kama ninavyojua umbali wa kutoka hapa hadi mwezini. Kifuani hakukuwa na kitu. Lakini mdomo wangu una maisha yake, na ukaanza kuvuta muda.

"Kabla hujamuuliza," nikasema, "nimekumbuka lifti moja."

"Mjomba, siyo leo," akasema mpima ardhi.

"Fupi sana. Jengo lilikuwa la ghorofa nane. Nimemaliza kufunga kamba mpya, nabonyeza nane, lifti inapita nane. Inasimama tisa. Mlango unafunguka, anaingia mama mmoja na kapu la nguo zilizokauka. Nikamwambia, mama, jengo hili halina tisa. Akaniambia, ndiyo maana nguo zangu haziibiwi."

Nikaendelea. Nikamweleza yule mama alivyokuwa amevaa, alivyonilaumu kwa kelele za mashine, na alivyonipa barua niipeleke ghorofa ya kumi. Nilikuwa na barua ile mkononi, sijui nitaipeleka wapi, muuguzi aliposimama.

"Huyo mama tumemsikia tangu tuna meno ya utotoni," akasema.

Nyuma yake kioo cha kompyuta kilikuwa kimezimika. Nilikuwa nimesema zaidi ya dakika tano. Muuguzi akagusa kitufe cha kompyuta, mwanga ukarudi.

"Mama. Unataka kuja kukaa kwangu?"

"Ndiyo," ikasema mashine.

Ilisema pale pale, kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Mpima ardhi akafunga daftari. Muuguzi akaziba mdomo kwa kiganja, akaubusu mkono wa mama yake, akasema, "Asante, mama."

Mimi nilikuwa natazama shavu. Lilikuwa linabonyeza kitufe. Tk. Tk. Tk. Mashine haikutamka kitu. Mwanga ulikuwa unatembea kwenye miraba kama kawaida, na kitufe kinalia, na mashine haimsikii.

"Hiyo siyo yake," nikasema.

"Mjomba, tumekubaliana."

"Siyo jibu lake. Ni mbonyezo wa zamani. Kompyuta imelala nao."

"Mashine yako mwenyewe," akasema mpima ardhi. "Juzi kwenye simu ulitamba kwamba haikosei. Leo imesema usilolitaka, imekosea?"

Alikuwa na haki. Ningekuwa yeye, nisingeniamini. Sikubishana. Nikachomoa waya, nikauchomeka, nikaweka kitufe kwenye kiganja cha mpima ardhi.

"Nikikuambia, bonyeza," nikasema. Nikaiamuru kompyuta ilale, nikampa ishara, akabonyeza kioo kikiwa kinafifia. Mara ya kwanza hakuwahi. Mara ya pili aliwahi. "Sasa iamshe, uulize swali lolote."

Akaigusa, akafikiri. "Mjomba ni mkweli?"

"Ndiyo," ikasema mashine.

Hakuna aliyecheka. Nikarudisha kitufe shavuni kwa dada, nikachomeka waya upya.

"Tatizo hili limeanza lini?" akauliza muuguzi.

"Juzi juzi tu."

Mwanga ukapita mraba wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tulikuwa tunautazama wote. Ukafika wa kumi. Tk.

"Anadanganya," ikasema ile sauti ya upole.

"Mwezi wa tano," nikasema.

Mwanga ukazunguka tena, ukafika wa tatu. "Maji." Ndilo aliloomba wakati mimi niko ghorofa ya tisa. Muuguzi akamnywesha kwa kijiko, taratibu, akimfuta kidevu kila mara. Alipoongea hakuniangalia.

"Mwezi wa sita nilikuja hapa," akasema. "Niligusa kompyuta, nikamuuliza, mama, maumivu yamepungua? Ikasema ndiyo. Nikampigia daktari, akapunguza dawa."

Nikatazama zulia. Lina mistari ya kahawia na myeupe, na mmoja umechanika. Nilikuwa najua kwamba hapo mtu anatakiwa ahisi kitu. Nilingoja. Nikahesabu mistari hadi mwisho, ikatimia ishirini na minne.

"Nipeni saa moja na nusu," nikasema.

Nikakaa kwenye meza ya kulia chakula na kompyuta yangu kubwa. Nilivunja ile njia ya mkato. Nikamfundisha draiva kwamba akiambiwa tunalala, kwanza afunge mlango, asipokee mbonyezo mpya. Kisha atoe kila kilichomo mfukoni akitupe, kwa sababu neno la mtu likichelewa kiasi hicho si lake tena; afadhali alirudie mwenyewe. Kisha ndipo aseme tayari, na kompyuta imsubiri hata kama inakunja uso. Wakati wa kuamka, akiwashe kisanduku kama kimezaliwa leo, akipe maelekezo yote tangu mwanzo, akiulize kama kimesikia, na mpaka kijibu asithubutu kusema neno. Mwisho nikamwongezea daftari: kila mbonyezo auandike na saa yake, hadi sekunde.

Si kazi kubwa. Ni mistari sabini hivi. Ilinishangaza ilivyokuwa michache.

Tukaijaribu mara ishirini. Muuguzi alibonyeza, mimi nililaza na kuamsha, mpima ardhi akachora jedwali kwenye daftari lake na kuweka alama. Mara ishirini mashine iliamka kimya. Mara ishirini ilisikia mbonyezo mpya. Ya ishirini na moja mpima ardhi aliifanya peke yake, bila kuniambia, na yenyewe ilikuwa safi.

Saa kumi na dakika kumi na nne muuguzi akachuchumaa pale pale alipochuchumaa mwanzo.

"Mama, samahani. Nakuuliza upya. Unataka kuja kukaa kwangu?"

Mwanga ulikuwa kwenye Naumwa. Ukaenda, ukafika mwisho, ukarudi mwanzo. Dada hakubonyeza. Ndiyo ukapita. Hapana ukapita. Mwanga ukazunguka mzunguko mzima, miraba yote kumi, na macho ya dada yalikuwa kwangu, siyo kwenye kioo. Yakapepesa, lakini hayo hupepesa tu. Kisha yakarudi kwenye kioo. Mwanga ukafika wa kwanza.

Tk.

"Ndiyo."

Ilikuwa sauti ile ile. Haikuwa na tofauti hata chembe na ile ya saa nane.

Muuguzi hakusema asante safari hii. Alimtazama kaka yake, na kaka yake akanitazama mimi.

"Mjomba," akasema. "Hii ni ya lini?"

Wangeweza kumuuliza kwa kugeuza swali: mama, unataka kubaki hapa? Hawakufikiria, nami sikuwakumbusha. Dada alikuwa amechoka, shavu lake limeanza kutetemeka, na muuguzi alikuwa tayari amekisogeza kitufe pembeni apumzike. Kwa hiyo lilibaki kwangu. Daftari la draiva lilikuwa wazi mbele yangu, namba tupu, na humo ndani hakuna aliyejua kulisoma isipokuwa mimi.

Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni, umevaa na viatu. Ningesema kuna kitu bado hakijakaa sawa, nipeni wiki mbili. Wiki mbili ningezifanya miezi miwili. Nina kipaji hicho. Mlango ungepanuliwa, Alhamisi ingepita kama Alhamisi nyingine.

Nikasoma mstari wa mwisho. Swali liliulizwa saa kumi na dakika kumi na nne. Mbonyezo ulikuwa saa kumi na dakika kumi na nne na sekunde arobaini na tatu. Mfukoni hapakuwa na kitu kingine. Ilikuwa kazi safi, labda safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na kuikana sikuweza. Sidai kwamba nilikuwa mwema. Nilikuwa fundi anayeulizwa kama kifaa kinafanya kazi.

"Ya sasa hivi," nikasema.

"Una hakika?"

"Amebonyeza mwenyewe. Baada ya swali."

Mpima ardhi akaandika kitu kwenye daftari lake, sijui nini. Muuguzi akaanza kulia kwa utulivu, kama mtu anayefanya kazi aliyokwisha kuizoea. Akanishika bega. Nikauona mkono wake pale begani.

Jioni nilimfundisha muuguzi. Hapa ni chaji, hapa ni dakika tano, usizipunguze. Ikikaa kimya baada ya kuamka, ngoja, inakisomesha kisanduku, ni sekunde nne. Usijibu kwa niaba yake hata kama unajua atakachosema.

"Na ikigoma?"

"Haitagoma."

"Mjomba."

"Ikigoma nipigie. Nitapanda basi."

"Utapanda kweli?"

"La alfajiri," nikasema, na akaliandika.

Alhamisi saa tatu asubuhi walikuja na gari la kukodi. Mpima ardhi na dereva walimshusha dada na kiti chake ngazi zote thelathini na sita, wakihesabu kwa sauti, wakipumzika kila kona ya ngazi. Mimi nilibeba kompyuta, waya, na mfuko wa dawa. Walipomfunga mkanda nyuma ya gari, niliiweka kompyuta mbele yake, nikakirudisha kitufe shavuni, nikaigusa iamke.

Kioo kikawaka. Sekunde nne zikapita, kisha mwanga ukaanza kutembea.

"Mjomba, tufunge mlango?" akauliza muuguzi kutoka kiti cha mbele.

"Subiri kidogo," nikasema.

Mwanga ulipita wote. Ukapita tena. Dada alikuwa ananitazama, na hakubonyeza. Mzunguko wa tatu nikafunga mlango wa gari, nikarudi nyuma hatua mbili ili dereva aweze kugeuza.